Moshi Ndani ya Sanduku la Vitabu

Kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, Weris aliosha vyombo vya maziwa kwa moshi. Mgeni akisikia hivyo hushangaa, lakini hapa Hadado maji si ya kuchezea, na maziwa ya ngamia huharibika upesi kwa joto. Nyanya yake, ambaye yeye alimwita Ayeyo, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Unachukua kijinga cha moto, unakiingiza ndani ya chombo, unafunika, unatikisa, kisha unasubiri. Moshi unapotoka, harufu mbaya na wadudu hutoka nao.

Jumamosi hiyo Weris alifunika chombo cha mwisho haraka. Ndani ya nyumba, karibu na kitanda cha Ayeyo, palikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani. Hakuwahi kulinda kitu kikubwa kama hicho tangu azaliwe.

Sanduku hilo lilikuwa la vitabu vinavyosafiri kutoka shule moja hadi nyingine. Lilikuwa limekaa shuleni kwao muhula mzima, na Alhamisi gari lingekuja kulichukua kulipeleka shule ya Bute. Ijumaa jioni mafundi walianza kung'oa paa la stoo lilimokaa, naye Mwalimu Kasyoka, aliyewafundisha Kiswahili, alikuwa na safari ya kwenda Wajir mjini.

"Weris, kwenu ni karibu," Mwalimu alimwambia, akimkabidhi ufunguo. "Nilitia sahihi kwa vitabu arobaini. Arobaini vilikuja, na arobaini lazima viondoke. Kikipungua hata kimoja, sijui kama sanduku hili litarudi tena Hadado."

Keynan, mvulana wa darasa lao la Gredi ya Sita, alimsaidia kulibeba. Njia nzima hakunyamaza.

"Wee Weris! Sasa umekuwa askari wa benki. Utalala na bunduki?"

"Shika vizuri! Usiliangushe."

"Sawa, bosi. Nisamehe, bosi."

Weris hakucheka. Maneno ya Mwalimu yalikuwa yamemkaa kifuani kama jiwe.

Sasa, Jumamosi, alipoingia ndani kulitazama, alikiona kile ambacho kila mtu wa Hadado anakichukia. Kijia chembamba cha udongo mbichi kilikuwa kimepanda kwenye kona ya sanduku. Mchwa! Weris aliwahi kuona mchwa wakila mguu wa meza ukabaki ganda tupu. Je, karatasi?

Akafungua kufuli haraka. Juu palikuwa na vitabu alivyovijua, vile ishirini vya Gredi ya Sita ambavyo Mwalimu aliwagawia kila Jumanne. Chini yake palikuwa na kadibodi ngumu ambayo wanafunzi wote walidhani ndiyo mwisho wa sanduku. Mchwa wawili walikuwa wakitembea juu yake. Angefanya nini? Mwalimu alikuwa safarini. Baba yake alikuwa mbali, akichunga ngamia. Mama yake, Sahara, alikuwa sokoni akiuza maziwa.

Kisha akakumbuka dawa aliyoijua. Moshi.

Alikichukua chetezo kidogo cha udongo ambacho Ayeyo alikitumia kufukizia ubani, akatia makaa matatu, akasogeza vitabu na kukiweka juu ya kadibodi. Akafunga kifuniko, kama afanyavyo kwa chombo cha maziwa.

"Weris!" Ayeyo aliita kutoka mekoni. "Mbuzi wako kwenye unga! Njoo upesi!"

Alikwenda mbio. Mbuzi wale walikuwa wawili na wakaidi, na mmoja alikimbia na mfuko mdomoni. Weris aliporudi, moshi mweusi ulikuwa ukitoka pembezoni mwa kifuniko.

Alisahau hata kupiga kelele. Alifungua, akavuta chetezo kilichopinduka kwa ncha ya mtandio wake, akaupiga moto kwa mtandio huohuo mpaka ukazimika. Kadibodi ilikuwa na tundu kubwa jeusi. Akaing'oa na kuanza kutoa vitabu kwa pupa, kimoja baada ya kingine, akivirusha juu ya mkeka uani. Vile vya juu vilikuwa vizima. Lakini chini ya kadibodi palikuwa na vitabu vingine ambavyo hakuwahi kuviona.

Aliwekaweka vyote kwenye mkeka, akapiga magoti katikati yake akihema. Kimoja tu kilikuwa kimeungua. Kilikuwa kitabu chembamba cha watoto wadogo, chenye picha ya fisi kwenye jalada. Nusu ya mwisho ilikuwa majivu.

"Unafanya nini na vitu vya mwalimu?" Ayeyo alikuwa amesimama nyuma yake.

Weris aliketi juu ya kile kitabu. "Ninavianika, Ayeyo. Vina... vina harufu ya stoo."

"Naona vina harufu ya moshi."

"Nilivifukiza kidogo."

"Umefanya vizuri," Ayeyo alisema, na hilo lilimuumiza Weris kuliko kama angegombezwa. Bibi akaketi taratibu kwenye ukingo wa mkeka. "Vingi hivi! Hiki kinasema nini?"

Ikambidi Weris asome, huku kitabu kilichoungua kikimchoma kama bado kina moto. Kile alichokinyooshea kidole Ayeyo kilikuwa na mashairi mafupi ya mtu aliyefiwa na mume. Alisoma beti mbili. Ayeyo, ambaye hakukijua Kiswahili vizuri, alimwomba amfasirie kwa Kisomali. Alipomaliza, bibi aliufuta uso wake kwa kiganja. Babu alikuwa na mwaka mmoja tangu azikwe.

"Kumbe wengine pia," Ayeyo alisema polepole. "Nisomee tena."

Saa nne mama yake akarudi kutoka sokoni. Yeye alikuwa akisoma gumbaru, darasa la jioni la watu wazima, na bado alisoma akifuata kwa kidole. Aliokota kitabu chenye herufi kubwa, kinachoeleza dalili za mbuzi mgonjwa. "Ki-ko-ho-zi," alisoma, akainua macho. "Kikohozi! Weris, nimesoma mwenyewe!" Palikuwa na kitabu cha vichekesho, na cha nyota, na cha kijana aliyekosana na rafiki yake. Palikuwa na kimoja kisicho na maneno hata kidogo, picha tupu. Kwa siku yoyote nyingine Weris angeruka kwa furaha. Alikuwa amedhani vitabu ni vya mtihani tu. Hapa palikuwa na cha mwenye huzuni, cha mwenye kuchoka, cha mama aliyechelewa kuanza. Lakini kila alipoanza kufurahi, alikihisi kile kilicho chini yake, na furaha ikakauka.

Wote walipoingia ndani, alikichukua kitabu cha fisi na kukitazama kwa mara ya kwanza. Fisi mdogo aliogopa giza. Kila jioni wenzake walitoka kutafuta chakula, naye akasingizia mguu unauma. Hadithi ikaishia kwenye ukingo mweusi wa karatasi. Weris alikifunga ndani ya gunia, akachimba kwenye kona ya zizi la mbuzi, akakifukia chini ya samadi.

"Abaayo," sauti ndogo ikasema. Ilikuwa ya mdogo wake, Liban, wa miaka sita, aliyemwita dada yake hivyo, na ambaye hakuthubutu kutoka nje peke yake jua likizama kwa sababu ya fisi. "Abaayo, yule fisi yuko wapi? Nilimwona kwenye mkeka."

"Hakuna fisi!"

"Nilimwona. Alikuwa analia."

"Nimesema hakuna! Ukimtaja tena atakuja kukuchukua."

Liban aliangua kilio. Alikimbia kwa Ayeyo.

Magharibi hiyo Weris alisimama nyuma ya Ayeyo kuswali. Maneno yalitoka kinywani kwa mazoea. Lakini ulipofika wakati wa kuomba dua, alifungua viganja na hakupata la kusema. Angemwomba Mungu nini? Amfiche? Aliona haya kumwomba Mungu amsaidie kudanganya. Akafumba viganja vikiwa vitupu.

Jumatatu sanduku lilirudishwa shuleni, na mbele ya darasa Mwalimu Kasyoka akahesabu vitabu. Alikinusa kimoja, akatazama mahali palipokuwa na kadibodi, akakunja uso, akaendelea. "Thelathini na nane. Thelathini na tisa." Akatazama chini ya sanduku. Akahesabu tena. Weris aliinamia daftari lake.

"Weris, kiko wapi cha arobaini?"

"Sijui, Mwalimu."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Iftin, msichana wa dawati la mbele, akainua mkono. "Mwalimu, Keynan alibeba hilo sanduku Ijumaa. Na leo ana mpira mpya! Mwaka jana alichana daftari akajaza mpira."

"Uongo!" Keynan alisimama. "Mwalimu, wallahi, si kitabu!"

"Mpira uko wapi?"

Keynan aliuleta kutoka chini ya dawati. Ulikuwa mpira mzuri wa matambara, umefungwa kwa kamba kwa ustadi, mviringo kabisa. "Nilishona siku mbili," alisema. Hapakuwa tena na mzaha katika sauti yake. "Lakini nitaufungua. Muone wenyewe."

Akaanza kuufungua. Kamba ya kwanza ikaanguka sakafuni. Tambara la buluu, la mtandio mkuukuu. Kamba ya pili. Kipande cha gunia. Mpira ukazidi kuwa mdogo mikononi mwake, naye hakumtazama mtu. Weris ndiye peke yake aliyejua kwamba hata ukifunguliwa mpaka mwisho hakitapatikana kitu. Alishikilia ukingo wa dawati. Ee Mwenyezi Mungu, aliomba, na safari hii alijua la kuomba. Nipe miguu ya kusimama.

"Acha, Keynan!" Alikuwa amesimama. "Usifungue zaidi. Ni mimi."

Darasa zima likamgeukia. Aliyasema yote akitazama sakafu: mchwa, makaa, samadi. Alingoja kelele, na hazikuja.

"Nipeleke," Mwalimu Kasyoka alisema tu.

Kwenye zizi, Weris alichimba kwa mikono yake, na Mwalimu akakipokea kitabu bila kujali samadi. Ayeyo alikuja akijikokota. "Karibu, Mwalimu. Kuna nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha shida. Ikambidi Weris aungame mara ya pili, sasa kwa Kisomali. Ayeyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Moshi ni wa chombo, mjukuu wangu. Karatasi ni kuni," alisema. "Hilo ni kosa la mtoto asiyejua, na mimi ndiye niliyekufundisha moshi. Lakini hili la kuchimba shimo, nani alikufundisha?"

Weris alilia. Alifasiri maneno hayo kwa Mwalimu huku akilia.

Mwalimu Kasyoka aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mwambie Ayeyo kwamba hata mimi nilificha," alisema. "Nilipotia sahihi niliogopa. Nikaogopa mtavichafua, mtavipoteza. Nikawapa vya juu ishirini tu, na vilivyobaki nikavifunika kwa kadibodi. Muhula mzima! Watoto wa Gredi ya Kwanza hawajaviona vitabu vyao. Tofauti yetu, Weris, ni kwamba mimi sikutumia samadi."

Ayeyo alipofasiriwa alicheka mpaka akashika mbavu, na Weris akajikuta anatabasamu katikati ya machozi.

Siku tatu zilizobaki, sanduku lilikaa wazi chini ya kivuli cha ukuta wa shule. Kila mtu alichagua kwa roho yake. Akina mama wa gumbaru walikuja na kidole chao. Ayeyo alikuja kusomewa mashairi. Keynan aling'ang'ania kitabu cha vichekesho, akawasumbua watu wote. Adhabu ya Weris ilikuwa kuushona upya mpira wake.

"Kaza hapo, askari wa benki," Keynan alimwelekeza. "Huo ni mpira au ni mkate?"

"Nisamehe, Keynan."

"Nimekusamehe. Lakini kaza."

Lilibaki jambo la kitabu cha fisi. Mwalimu alikata kurasa zilizoungua na kushona karatasi nyeupe mahali pake. Wanafunzi walipendekeza miisho mingi: fisi ampige simba, fisi anunue tochi. Hakuna uliofaa. Ndipo Weris akamleta Liban, akamwomba radhi mbele ya wote, na kumsomea sehemu iliyosalia.

"Halafu alifanya nini?" Mwalimu alimuuliza.

Liban alifikiri. "Alimwambia mama yake, mguu hauumi. Naogopa. Mama yake akasema, basi twende pamoja."

Weris aliyaandika maneno hayo kwa mwandiko wake safi kabisa, na Iftin akachora picha.

Alhamisi, Mzee Ndirangu, dereva wa gari la vitabu, alisikia habari yote kutoka kwa Mwalimu, Weris akiwa amesimama kando. Alikifungua kitabu, akasoma hadi mwisho, akakitia sandukuni juu ya vingine.

"Arobaini," alisema. "Watoto wa Bute watakipenda. Muhula wa pili nitarudi."

Gari lilipotokomea kwenye vumbi, Mwalimu Kasyoka aliwageukia wanafunzi wake.

"Hofu ni ya kila mtu, hata ya mwalimu," alisema. "Ukiificha, inakufanya umuumize asiye na kosa. Fanyeni kama fisi wetu. Semeni ukweli mapema, kwa mtu anayewapenda, na hamtatembea gizani peke yenu."

Jioni hiyo, jua lilipokuwa linazama, Weris alimshika Liban mkono wakatoka pamoja kwenda kufunga zizi. Kisha akatandika mkeka nyuma ya Ayeyo, akafungua viganja vyake, na dua yake ikawa ndefu.