Jedwali la Ntambwe

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, na mashine ya fotokopi karibu na soko la Kolwezi ikanyamaza ikiwa imemeza nusu ya karatasi ya alama za Mushiya. Foleni ikanung'unika. Mushiya akaishika karatasi kwa mikono miwili, tayari kuvuta.

"Usiivute, mama! Itapasuka!"

Kijana mrefu akapenya kati ya watu, ovaroli yake ya buluu imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alichomoa bisibisi, akafungua ubavu wa mashine, akaitoa karatasi ikiwa nzima. Kabla ya kuirudisha, akaitazama.

"Kumi na saba juu ya makumi mbili mu kemia ya maji? Weye ni mutu ao ni profesa?"

"Na weye ni fundi ao ni polisi?" Mushiya alijibu, akinyoosha libaya lake, blauzi ya njano. "Karatasi ya watu haisomwi."

Alikuwa Barnabé Ntambwe, fundi umeme wa machimbo ya kobalti yaitwayo Mashamba. Mushiya alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akitafuta nafasi ya kwenda kusomea usafishaji wa maji ya migodi, kwa sababu aliamini kwa moyo wote kwamba mito ya nyumbani ingeweza kunywewa tena.

Walipendana kwa simu zaidi kuliko kwa macho, maana zamu za Ntambwe hazikujua Jumapili.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula bukari na sombe. Weye je?"

"Mi nimekula vumbi ya Mashamba."

"Ongeza chumvi, basi."

Baada ya miezi sita, vyuo viwili vilimjibu Mushiya katika juma moja, kimoja cha Kanada na kingine cha Ubelgiji. Vyote vilimpa ufadhili, na vyote vilitaka jibu kufikia Ijumaa iliyofuata. Mushiya akashindwa kuchagua. Ntambwe akafanya kama wafanyavyo kazini kwake, ambako mota hainunuliwi kabla ya kuandikiwa jedwali pamoja na washindani wake. Akaziandika nchi: Kanada, mhitimu anaweza kubaki na kufanya kazi hadi miaka mitatu; Ubelgiji, miezi kumi na miwili. Akaongeza Ujerumani, miezi kumi na minane, ingawa hakuna chuo cha huko kilichoombwa, ili tu ushindani uwe wa haki.

Kisha akafanya kosa. Kwao, kama kwa kina Mushiya, kijana haendi peke yake kwa wazazi wa binti. Hutanguliwa na mkubwa wa kumsemea. Lakini mjomba wake alikuwa mbali, mjini Kasaji, mvua ilikuwa imeharibu njia, na Ijumaa ilikaribia. Jumapili, Mushiya akiwa kwaya, Ntambwe alibisha hodi peke yake, suti ya kijivu mwilini, folda kwapani. Baba yake Mushiya, Tata Kanyinda, karani mstaafu, aliposikia maneno "visa" na "miaka mitatu", alijua amepata mgeni gani: mmoja wa wale madalali wanaouza safari za uongo.

"Toka! Mutoto wangu haiko mufuko ya kobalti, useme unamusafirisha!"

Ntambwe alitoka mbio, akaiacha folda kitini.

Jioni hiyo Mushiya alimpigia simu.

"Ulienda kwa tata bila kuniambia? Na makaratasi, kama muchuuzi?"

"Sheri, nilitaka aone..."

"Aone vile utanituma mbali miaka mitatu? Kama umenichoka, sema!"

"Kuna neno moja siwezi kulisema mi mwenyewe. Linasemwa na mukubwa."

"Basi kaa nalo!"

Akazima simu, na siku tatu hakuiwasha.

Jumatano, shangazi yake Mushiya, Mama Micheline, aliifungua ile folda ambayo Tata Kanyinda alikuwa ameihifadhi aipeleke polisi. Akasoma kwa sauti, miezi na miaka, mpaka safu ya mwisho. Hapo akaanza upya, polepole: "Mume anaweza kumufuata? Anaruhusiwa kutumika kazi?" Mbele ya Kanada: ndiyo, masomo yakifika miezi kumi na sita. Mbele ya Ubelgiji: ngumu, kuuliza tena. Chini kabisa, kwa penseli: "Kule banahitaji mafundi umeme?"

Mama Micheline alicheka mpaka miwani ikamwanguka.

"Kanyinda, huyu haiko dalali! Alikuja kuomba muke, akakosa wa kumusemea!"

Mushiya hakucheka. Aliichukua karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuna mtu aliyewahi kuifikiria kesho yake kwa unyenyekevu namna ile. Akawasha simu.

"Uko wapi?"

"Njia ya Kasaji. Pikipiki imekwama mu matope."

"Unatafuta nini kule?"

"Mujomba. Weye ulikata simu, mi nikapanda pikipiki."

"Nisamehe, Barnabé."

"Rudia hiyo jina. Tangu Jumapili hakuna aliyeniita muzuri."

Wawili hao walifika kwa kina Mushiya Alhamisi alasiri. Mjomba Gracien alikuwa na matope mpaka magotini, lakini koti lake lilifungwa vifungo vyote. Alisalimu kwa kirefu, akaomba radhi kwa haraka ya mpwa wake, akaweka chupa mezani na kulisema lile neno. Tata Kanyinda alimgeukia binti yake.

"Na huko, mutarudi?"

"Tutarudi, tata. Ile miaka mitatu haiko ya kuhamia. Ni ya kushika mashine na mikono yangu, ili nisirudi hapa na karatasi tupu. Kesho asubuhi nitabajibu ba Kanada."

Mzee akamimina kinywaji, akainua glasi, akangoja; maana kinywaji cha namna ile hakigusi midomo ya baba kabla binti hajaulizwa.

"Mushiya, huyu mutu unamujua? Ninywe?"

Alimtazama Ntambwe ndani ya suti iliyokunjamana, kisha mjomba aliyevuka matope yote yale kwa ajili ya msichana asiyemjua, shangazi aliyekwisha kuanza kulia, na glasi ya baba yake iliyokuwa bado hewani.

"Kunywa, tata," akasema. "Na aksanti kwenu bote."

Tata Kanyinda akanywa.