Magauni ya Zamani ya Mektilda

Kila jioni Mektilda Januarius alitoka ofisi ya kilimo, akanunua ndizi mbili kwenye kona ya soko la Bariadi, akala moja akitembea, kisha akachuchumaa mbele ya turubai la mitumba la Malimi. Hakuangalia rangi kwanza. Aliigeuza nguo ndani kuwa nje, akakagua mishono.

Jioni moja ya Agosti, mwaka 1996, alishika mkono wa gauni la bluu lenye vidoti vyeupe, akavuta. Gauni halikuja. Akavuta tena. Upande wa pili wa rundo, mtu alikuwa amelishika pindo.

"Dada, hili nimelishika mimi kwanza," alisema mwanaume.

"Umeshika pindo," Mektilda alijibu bila kuinua macho. "Mimi nimeshika mkono."

"Kwa hiyo mkono unashinda pindo?"

"Unashinda."

"Mkilichana mtalinunua wote wawili," Malimi aliwaonya.

Mwanaume akacheka, akaachia. Aliitwa Dastan Masele, wakala wa kampuni moja ya kununua pamba. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, vijana wa aina yake walikuwa wameongezeka mjini. Alivaa jinzi mpya na buti zisizo na vumbi, miwani ya jua ameipandisha kichwani, na manukato yake yalifika kabla yake.

"Nilitaka kumpelekea mama yangu kule Mwamapalala," alisema. "Refu, lina mikono, lina heshima. Wewe unampelekea nani?"

"Navaa mwenyewe."

Dastan akamtazama upya. Msichana alikuwa amevaa gauni la kijani la kiuno chembamba na sketi pana, kola ya duara, na vifungo vilivyovikwa kitambaa kilekile. Wengine wote waliopita pale walivaa taiti na fulana zenye maandishi.

"Kumbe bado mpo," alisema taratibu.

"Sisi nani?"

"Wasichana wa zamani."

Mektilda aliona haya. Akatabasamu, hakukanusha. Hilo lilikuwa kosa lake. Kosa la Dastan lilikuwa kuamini kwamba tabasamu ni jibu.

Wiki ya pili walikunywa soda pamoja. Wiki ya nne Dastan alikuwa anamwita "mpenzi", naye Mektilda alikuwa anageuka kuangalia kama kuna mtu amesikia. Alikuwa na haya za kweli, zile za kumfanya mtu avuke barabara ili asisalimiane na wanaume watano waliokaa pamoja. Lakini kazini haya hizo hazikuonekana. Alikuwa mkaguzi wa pamba, amesoma chuo miaka miwili, na kwenye kituo cha ununuzi alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye bega, akatoa konzi ya pamba ya chini kabisa, akaifinya. Wauzaji wengine waliimwagia pamba maji ili izidi uzito. Yeye vidole vyake vilijua.

Mwezi wa tisa alirudisha magunia mawili ya Dastan kwenye kituo cha Sapiwi.

"Mpenzi, hata mimi?" Dastan alimnong'oneza.

"Mbichi. Ianike."

"Jua lenyewe linazama!"

"Basi anika kesho."

Dastan alicheka mpaka akashika kiuno. Aliwahadithia wenzake wa Mwanza kama mtu anayehadithia vituko vya mtoto. Hakuona kwamba msichana hakuwa akicheka.

Mektilda alipenda magauni yale kwa sababu anazozijua fundi. Walioyashona waliacha kitambaa kingi kwenye mishono, mwenye nguo akinenepa ipanuliwe. Waliweka mifuko mirefu, na ndani ya mfuko wa kulia daftari lake la ukaguzi liliingia lote. Siku moja alijaribu kumweleza Dastan.

"Najua," Dastan alimkatiza, akamshika mkono. "Ndiyo maana nakupenda. Hujaharibika."

Mektilda alitaka kuuliza kuharibika ni nini. Hakuuliza.

Oktoba walikwenda Mwamapalala. Mama yake Dastan alikuwa mjane, anaishi na ng'ombe wake na mchungaji mzee. Mektilda alikuwa amevaa gauni la vidoti. Alipofika uani alipiga magoti, kama alivyofundishwa nyumbani kwao, akamsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wana wane." Mama alimtazama kuanzia kola hadi pindo, kisha akamgeukia mwanawe. "Huyu umemtoa wapi? Wa namna hii si walikwisha?"

"Nilimfukua kwenye mitumba, mama."

Walicheka wote watatu. Mektilda alisaidia kupepeta mtama, akamchotea mama maji, akampenda. Jioni wakati wa kuaga, mama hakutaka kumwachia mkono. "Nyumba hii ina ukimya mno," alisema.

Habari ilimfikia siku ya Jumanne, kwa mdomo wa Felisita, mpiga chapa wa ofisi na mwenzake wa chumba. Felisita alivaa taiti nyekundu na herini kubwa kama vikuku, na hakujua kusema kwa sauti ya chini.

"Hongera, bibi harusi! Nimekwisha kuchapa barua."

"Barua gani?"

"Bwana Mkubwa anaomba mkaguzi mwingine. Dastan alipita jana, ukiwa kituo cha Sola. Kasema msimu ujao mke wake atakuwa nyumbani kwa mama." Felisita akamtazama usoni. "Hukujua?"

Mektilda alikaa.

"Lakini wewe si ndiyo unapenda mambo ya kizamani?" Felisita aliuliza, na aliuliza kwa wema kabisa.

Ofisi ilikuwa na simu moja, juu ya meza ya Bwana Mkubwa, mkuu wa ofisi. Alhamisi ililia.

"Mektilda, yako. Mwanza," alisema Bwana Mkubwa, akaendelea kusoma gazeti lililopinduliwa.

"Mpenzi wangu! Umenikumbuka?"

"Ndiyo."

"Mbona kama unaongea na polisi?"

"Niko ofisini."

"Aa, huyo mzee anasikiliza! Mwambie aendelee kufaidi." Dastan alicheka. "Sikia, Jumamosi wajomba wanafika kwenu na ng'ombe. Uvae lile la vidoti."

"Dastan, kuna jambo."

Gazeti likashuka kidogo.

"Jambo gani, mama watoto?"

"Si la kwenye simu."

"Basi utaniambia tukishaoana. Tuna miaka yote." Simu ikakatika.

Alimwandikia Dastan barua, akaichana. Aliandika nyingine, fupi, lakini basi la Mwanza lilikuwa limeondoka.

Kwa desturi ya kule, siku ya posa wanazungumza wajomba na baba. Muoaji hukaa nyuma, kimya, kama mzigo uliosindikizwa. Msichana huitwa mara moja tu. Hupiga magoti, huulizwa kama anawafahamu wageni na kama ng'ombe wapokelewe, naye hujibu neno moja kwa sauti ya chini, huku akitazama ardhi. Akisema ndiyo, lolote ambalo wajomba wameshakubaliana linakuwa lake. Mama yake alijibu hivyo, na bibi yake pia.

Jumamosi, nyumbani kwao Sapiwi, Mektilda alitoka jikoni amevaa gauni la vidoti. Felisita, aliyekuja kumsindikiza, alikuwa amemshauri avae jinzi ili wamwelewe. "Gauni halijakosa," Mektilda alimjibu.

Alipiga magoti. Mjomba Maganga, msemaji wa wageni, alijiweka sawa kwenye kiti. Nyuma yake Dastan alikaa na shati jeupe, miwani mfukoni.

"Binti," alisema Mzee Januarius, "unawafahamu watu hawa?"

"Nawafahamu, baba."

"Ng'ombe wao wapokelewe?"

Mektilda alitazama ardhi. Sisimizi mweusi alikuwa anapita. Alimsubiri amalize kupita.

"Sijui wamekuja kumtafuta nani, baba."

Wajomba wakatazamana.

"Wanamtafuta msichana atakayeacha kazi msimu ujao. Nimesikia wamekwisha kumwombea ruhusa ofisini. Hapa kwetu hayupo."

"Mayu," alisema Mjomba Maganga kwa upole, "mambo hayo tutayazungumza sisi."

"Lakini ulipiga magoti!" Ilikuwa sauti ya Dastan. Mjomba aligeuka kama aliyechomwa na mwiba. Dastan hakunyamaza. "Ulipiga magoti kwa mama. Unavaa hivyo. Nilijua…"

"Magoti nilipiga mwenyewe," Mektilda alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka, na aliiacha itetemeke. "Gauni nilichagua mwenyewe. Hili hukuniuliza."

"Kaa kimya, kijana," Maganga alimwambia Dastan.

"Mjomba, kweli sikumuuliza." Dastan alifuta uso kwa kiganja. "Mama yuko peke yake. Mimi nusu ya mwaka niko Mwanza. Nilimwona Mektilda, nikasema huyu atakaa. Nikaona sina haja ya kuuliza."

"Mama yako nampenda," Mektilda alisema. "Anaweza kuishi na sisi Bariadi. Au nitakwenda kwake kila Jumamosi, na wewe uende Jumapili. Hilo tungeweza kulipanga, Dastan."

"Bado tunaweza?"

Mektilda alirudisha macho ardhini.

Dastan alisimama, jambo lisilofanywa. "Jumatatu naenda ofisini. Ile barua nitaomba irudishwe." Alimtazama mjomba wake, akamtazama Mzee Januarius, akakaa.

Mjomba Maganga alikohoa, akaamua kutazama paa. Mzee Januarius alimtazama binti yake muda mrefu, kama anayemkagua upande wa ndani.

"Hujajibu swali langu," alisema. "Ng'ombe wapokelewe?"

Mektilda aliinua uso. Wanaume saba walikuwa wanamtazama, na hapakuwa na barabara ya kuvuka.

"Wapokelewe, baba. Nampenda huyu mtu, na kazi siachi. Naomba yote mawili yasikike leo, asije mtu akasema sikusema."