Shavu Lililokufa Ganzi

Auleria alimwaga maji ya moto ya maharage nyuma ya jiko, kwenye migomba, na ardhi ikavuta pumzi. Kisha pakanuka nywele zilizoungua.

"Mama, ungesema kwanza, wale wasioonekana wapishe njia," mkwewe Josiane alinong'ona. "Kwetu huwa tunasema."

"Kwenu!" Auleria alisonya. "Kwenu mnaongea na migomba kwa sababu hakuna mtu wa kuwasikiliza. Hapa Kirushya tunasali. Kaa mbali na sufuria zangu."

Mungu anisamehe kumsema, lakini mama huyo, kiongozi wa jumuiya, sala zake zilikuwa ndefu na dharau zake ndefu zaidi.

Wiki hiyohiyo shavu lake la kushoto likaanza kumsumbua. Upepo ukilipuliza tu, maumivu yanampiga kama umeme, anapiga yowe. Yakitulia, unakuja muwasho chini ya ngozi, anajikuna mpaka damu.

"Ni yule uliyemuunguza uso, mama. Tukamwombe radhi."

"Nimwombe radhi shetani? Mpigie magoti wewe, mmezoeana!"

Alikwenda hospitali Biharamulo. Daktari akamchoma sindano kwenye mshipa wa fahamu, ule unaopeleka maumivu usoni. "Upande huu utakufa ganzi," alimwonya. "Uwe mwangalifu, ukiumia hutajua."

Maumivu yakakatika. Muwasho nao kimya. Auleria alirudi nyumbani akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Jini lenu limekimbia sindano! Hata kuku ana moyo kulishinda."

Alasiri walikuwa jikoni wakimenya ndizi, Auleria akiendelea kumkebehi, Josiane alipoangusha kisu. Shavu lile la kushoto lilikuwa limebonyea mahali panne, na pa tano chini ya kidevu, kama anavyokamatwa mtoto anayenyweshwa dawa kwa nguvu, na mabonyeo yale yalikuwa yakipanda taratibu, bila haraka yoyote, kuelekea jichoni, huku harufu ya nywele ikijaa jiko zima na mwenyewe Auleria akimenya na kucheka, asisikie kitu.

"Unanikodolea nini, mjinga wewe?"

"Mama... anakushika."

"Nani anishike? Na uso huo wako wa woga..." Akainua mkono ajipanguse.

Vidole vyake vikakuta vidole.

Vilikuwa vya moto, vimechubuka, ngozi yake inateleza. Havikujiondoa. Auleria akashusha mkono polepole, na hapo ndipo alipoelewa kwamba uchungu ule aliokwenda kuuondoa Biharamulo ndio uliokuwa ukimwambia kila mara kwamba amekuja, na kwamba kuanzia leo anaweza kushikwa usiku na mchana, kanisani na kitandani, asijue, na katika nyumba nzima mwenye macho ya kumwona ni huyu mmoja tu, ambaye tayari alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Josiane, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa. "Usiende. Nakuomba ukae hapa unitazamie, akifika jichoni uniambie."