Mfungwa wa Tisini

Majirani zangu wana kaugonjwa. Uwaulize babu na bibi zao walifikaje kisiwa hiki cha Van Diemen, huku kusini mwa Australia, wote watakujibu walikuja kulima. Wote! Utadhani Ireland na Uingereza hazikubakiwa na mkulima hata mmoja. Mimi sina haya hiyo. Bibi yangu, Honora Tierney, aliletwa hapa na meli ya wafungwa, kifungo cha miaka saba, kwa kuiba jora la kitambaa huko kwao Clare, Ireland. Nalisema sokoni, nalisema mbele ya padri, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Haya ninayowasimulia aliniambia yeye mwenyewe, mchana kweupe, huku akimenya viazi.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kufua. Kwa kweli kila siku ilikuwa ya kufua, ila Jumatatu ndipo mashuka ya mjini yalipoletwa kwa mikokoteni. Wafungwa wanawake walifungiwa kwenye jengo la mawe bondeni, chini ya mlima, na watu waliliita Kiwanda. Kuanzia Mei mpaka Agosti jua halikufika uani humo. Wanawake tisini walisimama kwenye mapipa ya kufulia, mikono ndani ya maji ya baridi, kila mmoja ameshonewa mgongoni herufi kubwa ya njano ili ajulikane ni mfungwa. Sheria ilikuwa moja, kimya. Ukisema neno, unanyimwa mkate. Ukipiga kelele, unanyolewa nywele. Ukijibu, unatiwa chumba cha giza.

Aliyeshika funguo alikuwa Bi Harbottle, mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya sufu ili asisikike akija.

Honora alifua pipa moja na Peg Scully. Walitoka wilaya moja, wakaja na meli moja, na wote wawili wakajifungulia mle mle Kiwandani. Honora alipata mvulana, Peg akapata msichana akamwita Kate. Watoto waliwekwa chumba chao, ng'ambo ya ukuta. Mtoto akitimiza miezi sita mama anakatazwa kumnyonyesha, anarudishwa kwenye mapipa, na mtoto anabaki na mkate uliolowekwa majini. Waliokufa mle ndani ni wengi, jamani. Mvulana wa bibi yangu naye alikufa hivyo hivyo. Wiki tatu baadaye maziwa yalikuwa bado yanamtoka, ikabidi ajifunge kifua kwa tambara chini ya gauni.

Kate naye akatimiza miezi yake sita. Jumatano Peg akamsikia akilia ng'ambo. Aliacha shuka pipani, akaparamia ukuta na mikono yake iliyolowa, akaenda kumnyonyesha mwanawe. Bi Harbottle akamkuta amekaa sakafuni, mtoto kifuani.

"Nani amekuruhusu?"

"Maziwa yangu," Peg akamjibu. "Yaulize."

Akapewa siku tatu chumba cha giza. Mvua ilinyesha siku zote tatu. Kijito kinachopita nyuma ya Kiwanda kikafurika, maji yakaingia vyumba vya chini. Wanawake walimsikia Peg akigonga mlango. Aligonga Alhamisi. Aligonga Ijumaa. Wote walisikia, na wote walinyamaza. Jumamosi asubuhi mlango ulipofunguliwa, walimtoa amekakamaa, gauni linachuruzika, na kabla ya saa sita mchana alishafukiwa nyuma ya ukuta bila hata padri.

Sasa kwao Clare, mtu akifa lazima aliliwe kwa sauti. Siyo machozi ya kujipangusa na leso, hapana. Mwanamke mmoja anaanza. Anamwita marehemu kwa jina, anamtajia baba yake na kijiji chake, anamwambia waziwazi kwamba amekufa. Wengine wanapokea kwa kilio mpaka kuta zitikisike. Asiyeliliwa hajui kama amekufa. Anaendelea na shughuli zake.

Mwili ulipopitishwa uani, Honora ndiye aliyestahili kuanza, maana ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Alifungua mdomo. Bi Harbottle akamtazama. Akaufunga.

"Niliogopa," bibi aliniambia. "Usinipambe. Niliogopa yale maji."

Asubuhi iliyofuata Bi Harbottle alipita kwenye mistari kuhesabu watu. Ilitakiwa iwe themanini na tisa. Akapata tisini. Akarudia. Tisini. Akawaita kwa namba, mmoja mmoja, na walioitika wakawa themanini na tisa. Akahesabu vichwa tena, safari hii akigusa bega la kila mtu, na alipofika mstari wa mwisho mkono ukamrudi ghafla. Akaufuta kwenye aproni. Akaandika themanini na tisa kitabuni, akaondoka haraka.

"Kama ni Peg huyo," akanong'ona Poll Dabney, mwizi wa mifukoni kutoka London, "mwambieni anirudishie sega langu. Mizimu ya Kiairishi hainihusu mimi."

"Nyamaza, shoga," Honora akamwambia. "Yuko nyuma yako."

Alikuwa anamtania tu. Lakini Poll aligeuka, akatazama chini, na hakutania tena siku hiyo. Jiwe la sakafu nyuma yake lilikuwa limelowa.

Jumatatu Honora alitumwa chumba cha watoto kuchukua kapu la nepi. Watoto walilala wawili wawili kwenye vitanda vya mbao, midomo imekauka, hata kulia wameacha. Kate peke yake alikuwa macho. Alikuwa ameshiba. Mashavu yamejaa, na pembeni mwa mdomo kuna tone la maziwa. Honora akalifuta kwa kidole. Lilikuwa baridi mpaka likamuuma. Akamshika mtoto. Mtoto naye alikuwa baridi, mwili mzima, na hakumwangalia Honora. Alikuwa anaangalia juu ya bega lake, akicheka na mtu.

Sakafuni palikuwa na nyayo za maji, miguu mitupu, kutoka mlangoni hadi kitandani pale. Za kurudi hazikuwepo.

Honora akaenda kwa Sheela Considine, mzee kuliko wote mle ndani, aliyekuwa akiitwa misibani huko Clare kuongoza kilio. Wakainamia pipa moja, wakanong'ona huku wakikamua shuka.

"Anamnyonyesha, mama."

"Najua. Huoni mtoto anavyonenepa?"

"Si afadhali? Wengine wanakufa kwa njaa."

"Afadhali wapi, mwanangu! Yale ni maziwa ya kaburini. Siku ya tisa mtoto atamfuata mama yake, na Peg wala hatajua amefanya nini. Anadhani yu hai."

"Basi mlilie wewe. Wewe ndiye fundi."

"Mimi hanisikii. Aliyemnyamazia ni wewe."

Honora akapiga hesabu. Siku ya tisa ilikuwa Jumapili, siku ambayo mkaguzi kutoka mjini angekuja kuwatazama wafungwa wakiwa wamesimama mistari, kimya, nywele zimefunikwa kofia. Siku mbaya kuliko zote za kufungua mdomo.

Juma lile lote mtoto alizidi kupoa. Jumanne alikuwa anachezesha vidole. Alhamisi aliacha. Ijumaa Honora alimkuta amelala macho wazi, pumzi inatoka moja moja, na mto wake umelowa chapachapa. Akataka kumnyakua akimbie naye, lakini Bi Harbottle alikuwa ameshafika mlangoni na vile viatu vyake. Akaziona nyayo.

"Ni wewe unayeingia humu."

"Si mimi, Bi Mkubwa. Ni mama yake."

Bi Harbottle akamzaba kibao. Lakini kabla hajampiga, bibi aliniapia, yule mshika funguo alitazama nyuma yake kwanza.

"Nikiziona tena nyayo hizi," akasema, "utaenda kulala alikolala yeye."

Jumapili ikafika na ukungu. Mkaguzi alisimama katikati ya uwanja, bwana mwenye kofia ndefu na leso puani. Wanawake wakajipanga. Bi Harbottle akasoma kitabu: themanini na tisa.

Mkaguzi akahesabu mwenyewe, kwa ncha ya fimbo.

"Nimepata tisini, bibie."

"Si kweli."

Akahesabu tena. Tisini. Akauliza ni nani aliyezidi. Honora alikuwa mstari wa mwisho, na upande wake wa kushoto, pale alipokuwa akisimama Peg, hapakuwa na mtu. Lakini baridi ilitoka upande huo. Akasikia maji yakidondoka juu ya jiwe. Tone. Kisha tone jingine. Hakugeuza shingo. Kisha ile baridi ikaanza kuondoka polepole, kuelekea ukutani, kuelekea chumba cha watoto.

Ilikuwa inakwenda kumnyonyesha mara ya mwisho.

Honora akavua kofia. Akaitupa chini.

"Peg Scully!" akaita.

Uwanja mzima ukashtuka. Ilikuwa sauti ya kwanza ya mfungwa kupazwa pale kwa muda mrefu.

"Peg Scully, binti wa Mathew Scully wa Kilrush! Rudi hapa nikuambie! Umekufa, Peg! Umekufa Jumamosi, majini, gizani, na sisi tukikusikia! Mimi nilikusikia! Nikanyamaza!"

"Mshikeni huyo!" Bi Harbottle akafoka.

"Umekufa, rafiki yangu! Titi lako ni udongo! Mwache mtoto!"

Ndipo Sheela akapokea. Bibi alisema sauti ya yule mzee ilitoka chini kabisa, ikapanda, ikapanda, mpaka farasi nje ya lango wakaanza kupiga mateke. Wanawake wa Clare wakaingia. Wa Cork wakaingia. Waskoti wakaingia. Poll Dabney, ambaye hakuelewa hata neno la Kiairishi, akapindua pipa lake na kuanza kulipiga kwa ubao wa kufulia huku akilia kwa kilio cha kwao London, na machozi yalikuwa ya kweli. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia. Nani kati yao hakuwa na mtoto nyuma ya ukuta ule? Askari wanne walisimama na virungu, wakatazamana. Wangemshika nani?

"Wanataka nini?" mkaguzi akauliza, amepauka.

"Mtoto wa Peg!" Honora akamjibu. "Nina maziwa. Nipeni mtoto, tutanyamaza. Msiponipa, tutalia mpaka na nyie mfe!"

"Hapewi," akasema Bi Harbottle. "Sheria..."

Hakumaliza. Nyayo zilikuwa zinarudi. Zilitokea juu ya mawe, moja baada ya nyingine, zimejaa maji, kutoka mlango wa chumba cha watoto hadi katikati ya uwanja. Wote waliziona. Zikapita mbele ya mkaguzi. Zikasimama mbele ya Bi Harbottle, vidole vimemwelekea. Zikakaa hapo.

Kutoka chumba cha watoto Kate akaanza kulia. Kilio chembamba, cha hasira, cha njaa.

"Mpeni!" mkaguzi akapiga kelele. "Mpeni huyo mtoto, kwa jina la Mungu!"

Wakamleta. Bibi akaketi pale pale juu ya mawe, mbele ya wanaume wote, akafungua lile tambara. Mdomo wa mtoto ulikuwa barafu. Akavumilia. Kate akavuta, akavuta tena, na polepole ule mdomo ukapata joto.

Bi Harbottle hakuwa amesogea. Ila viatu vyake vya sufu vilikuwa vimelowa mpaka kwenye vifundo.

Walipohesabiwa jioni ile walikuwa themanini na tisa.

Msidhani waliachwa hivi hivi. Thubutu! Kesho yake wote walinyolewa, adhabu ya kelele, wakapanga foleni kwa mkasi, na bibi aliniambia hakuna aliyelia. Walicheka. Poll alikuwa akiuliza kila mmoja anayetoka kama anataka kuazima sega. Nywele zilitupwa kwenye gunia, nyeusi, kahawia, za mvi.

Jioni Bi Harbottle alilimwaga gunia uani ili zichomwe moto. Katikati ya lundo lile palikuwa na msuko mmoja mrefu, mwekundu, umekatwa sawasawa na mkasi ule ule. Kati ya wale themanini na tisa hakuna hata mmoja aliyekuwa na nywele nyekundu. Peg peke yake ndiye aliyekuwa nazo, na alizikwa nazo. Aliyeshika mkasi aliapa kwamba hakumbuki. Alisema walipita wengi, na hakuwa akitazama nyuso.

Msuko ule ulikuwa umelowa. Bibi akauokota mbele ya Bi Harbottle, akautia kifuani, karibu na mtoto, na hakuna aliyethubutu kumwambia auache. Kabla ya mwezi kuisha Bi Harbottle aliacha kazi, akarudi kwao.

Kate ndiye mama yangu. Aliishi miaka sitini na minane, akazaa watoto tisa, akawanyonyesha wote mpaka wakachoka wenyewe. Alipofariki tulimlilia kwa sauti siku mbili, na mwenye nyumba wa jirani akaita polisi.

Msuko ninao mimi. Kila Jumatatu nauanika kwenye kamba, upande wa barabara, waziwazi. Jua la Januari linaupiga kutwa nzima, naukunja na kuuweka sandukuni. Jumatatu inayofuata nikifungua, unachuruzika.

Majirani wananijia na kofia zao za kanisani. Wananiambia, bibie, hebu uondoe hicho kitu, kinatukumbusha mambo ya aibu.

Nawajibu haujakauka bado.