Mshipa Kwenye Waya

"Fumba macho," Hamoudi alisema. "Linyanyue."

Chumba cha nyuma cha duka la baiskeli, Bagamoyo, 1972. Msabaha, mwenye duka, alifumba. Alishika bomba refu kuliko mtu. Nchani lilikuwa na vidole vitatu vya chuma, na waya za breki zilizorudi hadi kwenye mpini. Alibana. Yai likainuka mezani, zima.

"Waya inanirudishia," alisema. "Vidole vikigusa kule, naguswa mimi hapa."

Hamoudi akampokonya. Yai likapasuka. Jitu lile lilikuwa na mikono ya kupigia watu tu.

"Upuuzi. Kesho Ijumaa, yule sonara Nasser na wanawe wote wako msikitini. Dirisha lina nondo. Mfuko wa dhahabu uko chini ya kitanda, unautoa kwa dude lako. Muhidini anangoja konani na gari. Ukikosa, nakuzika porini Makurunge."

"Hamna neno, bosi," dereva Muhidini alijibu, macho sakafuni.

Ijumaa, adhana ya kwanza. Watu wanamwendea Mungu, hawa wanaendea dirisha la mtu. Msabaha alipitisha bomba kati ya nondo. Ndani giza tupu. Nyuma yake, kisu cha Hamoudi kilimgusa mbavu.

Hotuba. Vidole viligusa mguu wa kitanda. Kisha kitu laini. Akabana taratibu.

Kitu kikadunda. Tena. Tena. Mshipa! Alikuwa amekamata kifundo cha mkono wa mtu, na mtu huyo katulia kimya. Mwenye nyumba angepiga kelele. Huyu ni askari.

Akatupa jicho konani. Gari halipo. Muhidini kawauza, mwanaharamu yule.

Akisema, Hamoudi atamchoma kisu kwanza, maswali baadaye.

"Umeupata?"

"Nimeupata, bosi. Umekwama, unataka nguvu zako."

Hamoudi alichomeka kisu kiunoni, akashika mpini. Msabaha akavua mkanda wake, akamfunga nao kifundo kwenye mpini, eti usimponyoke, akaukaza.

"Unahisi kitu?"

"Nihisi nini? Mfuko tu. Toka hapa!"

Akatoka.

Ikama ya swala. Yowe la Hamoudi lilimkuta Msabaha anavua viatu mlangoni mwa msikiti. Filimbi zikafuata. Hakuwa hata na udhu. Akajipenyeza safu ya nyuma, bega kwa bega na watu, akafunga swala.

Bega la jirani wa kushoto lilikuwa linatetemeka. Akachungulia. Muhidini.

Mlangoni askari wawili walisimama na viatu vyao, wakingoja kwa adabu watu watoe salamu. Swala ya Ijumaa ni rakaa mbili tu. Msabaha aliomba ziwe mia.