Wamsalimie Mama Tukuyu

Rafiki yetu Shedrack, mfanyabiashara wa nguo pale soko la Shahe, Uchina, alifuata mzigo kiwandani, nje kabisa ya Guangzhou. Ilikuwa Septemba, jua linazama. Wanakijiji walisimama kwenye majaruba ya mpunga wakitazama kundi la ndege lililopita angani kwa makelele.

Shedrack akasonya. "Watu wazima na akili zao, wanakodolea macho kunguru!"

"Wanahamia Afrika, kwenu," bosi wa kiwanda akamwambia.

"Basi wamsalimie mama yangu kule Tukuyu!" akawapigia kelele ndege, akicheka kwa dharau.

Kundi zima la ndege likanyamaza. Gizani ukabaki mvumo wa mabawa tu, ukamzunguka kichwani mara moja, ukaondoka.

Kabla hajamaliza kupakia, mama yake akapiga simu.

"Salamu nimezipata, mwanangu. Ila waambie hao ndege washuke kutoka juu ya bati la nyumba. Wote wana sauti yako."