Ujumbe Alioufuta Twaiba

Kila jioni akitoka chuoni kusoma Kurani, Twaiba alikaa barazani kwao Waa akamsomea mamake ujumbe wa simu. Bi Mishi aliuza samaki. Hesabu alizifanya kichwani bila kukosea, lakini herufi zilimkataa, na hata namba ya siri ya simu alikuwa amempa bintiye.

Jioni hiyo ujumbe ulitoka kwenye chama cha akiba na mikopo, ambako Bi Mishi alikuwa ameomba mkopo wa kununua friza. Bila friza, samaki waliobaki jioni aliwauza kwa bei ya kutupa.

"Wasemaje?"

Twaiba aliusoma kimoyomoyo. Ombi lilikuwa limekataliwa. Jina la Bi Mishi lilikuwa CRB, kunakowekwa rekodi za wakopaji, kwa deni ambalo halijalipwa.

Miezi sita nyuma, wenzake walipokuwa wakishona sare ya Maulidi, simu hiyo ilimwuliza kama angependa kukopa. Akabonyeza Kubali, zikaingia shilingi elfu moja mia tano. Akashona sare yake, akamwambia mamake ni zawadi ya mwalimu wa chuoni. Ujumbe wa kudai ulipoanza kuja, aliufuta mmoja baada ya mwingine, akidhani deni nalo lafutika.

"Wasema tungoje," akajibu.

Bi Mishi akamshukuru Mungu, akamtuma apime kama pembeni mwa kabati pangetosha friza. Twaiba akapima kwa hatua. Hatua ya tatu akaketi sakafuni, akasema yote.

"Kumbe ile zawadi ya mwalimu niliinunua mimi," Bi Mishi akasema.

Asubuhi wakaenda chamani. Afisa, Bwana Abubakar, aliitikia shikamoo ya Twaiba, akawasaidia kuagiza ripoti ya mikopo ya Bi Mishi. Deni lilikuwa hilo moja tu, ila lilikuwa limefika elfu mbili mia tatu. Bi Mishi akalilipa papo hapo. Bwana Abubakar akawaambia waombe mkopo upya rekodi ikishasahihishwa, na kila mwaka waiangalie ripoti hiyo, hata kama hawakukopa.

"CRB hawamjui aliyebonyeza, binti," akasema. "Wanalijua jina."

Mwezi uliofuata mkopo ulikubaliwa. Twaiba aliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha akaomba radhi tena, macho chini.

"Pesa nilizisamehe siku ile," mamake akamwambia. "Lakini mimi nasoma kwa macho yako, mwanangu. Ukiyafumba, ninayeanguka ni mimi. Nisomee kila neno, hata lile linalokuchoma wewe."